Bustani ya Mwezi wa Nane

Mwezi wa nane, mgeni anayeingia Kongo kwa Kasumbalesa hupokelewa na vumbi. Malori yaliyotoka Dar es Salaam kupitia Tunduma yamepanga foleni, madereva wanachemsha chai chini ya matrela, na majani ya miti ya kando ya barabara yamefunikwa udongo mwekundu hadi hujui ni miti gani. Mimi nimekulia Dodoma, kwa hiyo ukavu haunitishi. Kilichonifikirisha ni hesabu ya mvua. Dodoma tunapata milimita 600 hivi kwa mwaka, au pungufu. Kolwezi, nilikokuwa nakwenda, hupata zaidi ya 1,000. Lakini mwezi huu sehemu zote mbili zina rangi moja, kwa sababu mvua ya Katanga, eneo ilipo Kolwezi, hunyesha yote kati ya Oktoba au Novemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa. Miezi mitano hupita, pengine sita, bila tone la maana.

Nilikwenda kutazama jinsi vyuo vya ukanda wa shaba vinavyomwagilia viwanja vyao katika miezi hiyo. Jambo hili nimelibeba tangu 2024, mwaka ambao Zambia, jirani wa mlango wa pili, ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 29 Februari. Mahindi yalikauka mashambani, ziwa Kariba likapungua, na umeme ukakatika nchini humo kwa saa nyingi kila siku. Migodi ya Kongo hununua sehemu ya umeme wake kutoka Zambia, kwa hiyo ukame ule haukusimama mpakani. Ukiishi Lualaba, mkoa ilipo Kolwezi, maji na umeme ni habari moja: mabwawa ya Nzilo, lililokamilika 1952, na Nseke, la 1956, yote yamejengwa juu ya mto Lualaba ili kulisha migodi na mitambo. Mto ukipungua, mashine zinapungua nguvu, na pampu ya kisima kirefu cha chuo nayo inanyamaza. Anayemwagilia nyasi kwa pampu ya umeme anatumia mto mara mbili.

Barabara kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi kupitia Likasi na Fungurume ni ya kilomita 300 hivi. Tulipishana na malori yaliyobeba mabamba ya shaba kuelekea mpakani, na tukafuatana na mengine yaliyobeba salfa na chokaa kwenda migodini. Pembeni, magunia ya mkaa yamesimama kwa mstari, kila gunia ni mti uliokuwa katika msitu wa miombo. Karibu na Fungurume vilima vinaanza kuwa na vipara. Juu ya vilele hivyo miti haioti kwa sababu udongo una shaba na kobalti nyingi mno. Zinaota nyasi fupi na maua, mengine hayapatikani kwingine duniani. Wachimbaji wa zamani waliyajua maua hayo vizuri. Lipo moja la buluu, Haumaniastrum katangense, ambalo wajiolojia walikuwa wakilifuata kama alama ya kuwa chini kuna shaba. Nitarudi kwenye nyasi za vilima hivi, maana nadhani ndizo zilizonifundisha zaidi katika safari yote.

Mji wa Kolwezi uliasisiwa 1937 na Union Minière du Haut-Katanga kama makao ya migodi yake ya magharibi. Ulipangwa na watu waliotaka mji wenye bustani: barabara pana, miembe, mijakaranda, nyumba zenye ua wa kijani mbele. Kampuni ilitaifishwa, ikaja kuitwa Gécamines, na kwa miaka mingi iliendelea kutunza mitaa ya wafanyakazi wake, kuanzia shule na hospitali hadi mabomba ya maji na miti ya barabarani. Miaka ya 1990 ilipovunja uti wa mgongo wa kampuni hiyo, bustani zilikuwa kati ya vitu vya kwanza kufa. Leo mji umezungukwa na mashimo ya migodi kila upande, na katika mtaa wa Kasulo watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao wenyewe baada ya madini ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba moja mwaka 2014.

Kuna jambo katika mji huu ambalo mgeni hulisahau upesi na mwenyeji halisahau kamwe. Mgodini maji ni adui. Shimo kubwa la mgodi wa shaba wa KOV lilijaa maji likawa ziwa pampu zilipoacha kufanya kazi, na wenye mgodi walilazimika kuyatoa kwanza kabla ya kuigusa shaba. Wakati huohuo, mtaani mama anasukuma bidoni za manjano kwenye baiskeli. Maji yapo Kolwezi. Swali ni yako wapi, yana nini ndani yake, na nani amepewa mpira wa kuyashika.

Chuo nilichotembelea kwanza sitakitaja. Nilifika saa nne asubuhi, jua limeshachangamka. Mbele ya jengo la utawala palikuwa na uwanja wa nyasi wa kijani kilichokolea, na katikati yake kirusha-maji kinazunguka. Nusu ya matone ilikuwa inapotelea hewani kabla ya kugusa chini, na upande wa barabara maji yalikuwa yakitiririka juu ya saruji hadi mtaroni. Nyuma ya jengo hilohilo, wanafunzi wa bwenini walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba moja. Hakuna aliyekuwa akilalamika. Walikuwa wanaongea habari za mitihani. Mimi ndiye niliyeshindwa kuondoa macho kwenye kile kirusha-maji.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi zinazotakiwa kubaki kijani katika jua na upepo mkavu wa nyanda hizi za juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, zinahitaji milimita nne hivi kila siku. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Kwa hiyo hekta moja ya nyasi hunywa lita 40,000 kwa siku, yaani bidoni 2,000 za lita ishirini, na hapo sijahesabu yanayopotea hewani na mtaroni. Mwanzoni mwa 2018, Cape Town ilipokaribia kuishiwa, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Kwa kipimo hicho, hekta moja ya nyasi inakunywa maji ya watu 800.

Sasa chukua miche 200 ya miti, kila mmoja upate lita ishirini kwa wiki. Hizo ni lita 4,000 kwa wiki kwa miti yote. Maji ya nyasi ya siku moja yanatosha miche hiyo wiki kumi. Tangu nilipoifanya hesabu hii kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, sijaweza tena kuitazama nyasi ya kijani ya mwezi wa nane kwa macho ya zamani.

Chuo cha pili kiko pembezoni mwa mji, kidogo, hakina fahari. Mtunza bustani wake ni mzee aliyefanya kazi Gécamines, akaondoka wakati maelfu ya wafanyakazi walipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu kwa namna ya kwao, kwa mikono miwili.

“Jambo sana, mama. Unatoka mbali?”

“Dodoma, mzee. Tanzania.”

“Ah. Kule mvula iko kidogo.” Alijua. Madereva wa malori wamewafundisha watu wa Kolwezi jiografia yetu.

Uwanja wake ulikuwa kahawia. Nyasi zilikuwa zimekatwa fupi kabisa, karibu na udongo, na kando ya majengo yote alikuwa amelima ukanda mtupu wa hatua mbili tatu kuzuia moto. Hilo ni jambo ambalo wanaosema tuache nyasi zikauke husahau kulisema: huku mwezi wa nane ndio mwezi wa moto, na nyasi ndefu iliyokauka karibu na maktaba ni hatari. Nikamuuliza kama wakubwa wa chuo hawamsumbui kuhusu rangi ile.

“Haya majani iko nalala, mama,” alisema. “Mvula ikinyesha, wiki moja tu, utaona.”

Ni kweli kwa nyasi aliyo nayo. Ni ile ya kutambaa ambayo watu wa shamba wanaichukia kwa kuwa haing'oki, Cynodon dactylon. Ikikosa maji huacha majani yafe na kuhifadhi uhai kwenye mashina ya chini. Kuimwagilia Agosti ni kuizuia isipumzike.

Kisha akanipeleka kwenye miti, na hapo ndipo alipoanza kuongea kwelikweli. Kila mche ulikuwa na bakuli la udongo kuuzunguka, ukingo wake umeinuliwa kwa jembe, na ndani ya bakuli tabaka la majani makavu. Nilipoinama niliona majani hayo hayakugusa shina. Palikuwa na nafasi ya kiganja kati yake. Akaeleza kuwa ni kwa ajili ya mchwa. Huku vichuguu ni vikubwa kama nyumba, vingine karibu na Lubumbashi vimepimwa na kukutwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000, na matandazo yoyote utakayoyaweka mwezi wa sita, mchwa watakuwa wameyapunguza kufikia mwezi wa tisa. Ukiyasukuma hadi kwenye shina unawaonyesha njia ya kwenda kwenye gome. Kwa hiyo anaongeza majani kila mwezi na anaacha nafasi.

Alichimba kwa panga, kina cha kiganja na nusu, akatoa udongo wa ndani ya bakuli na kuukamata ngumini. Ulishikana. Akachimba hatua mbili pembeni, nje ya bakuli: ukamwagika kati ya vidole kama unga. Mche ule ulikuwa umepewa maji wiki iliyopita, mara moja tu, jioni, lita ishirini zilizomiminwa polepole. Hutumia chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo chini, huifukia nusu kando ya mzizi, ili maji yashuke chini badala ya kulowesha juu. Kwetu Dodoma wakulima wa Chololo wana mashimo yao madogo ya kukusanya mvua mahali mmea unapoota. Akili ni ileile, ya kuupa mzizi na kuinyima hewa. Nikamwelezea. Akasikiliza kwa makini, akauliza shimo lina kina gani na nani anayezibua tope likijaa.

Aina za miti alizochagua ndizo zilizonigusa. Chuo kingine chochote kingepanda mikalitusi, inayokua haraka na kunywa sana. Yeye amepanda masuku, ambayo matunda yake watoto wa Katanga wanayajua kuliko pipi, na mupundu, ambao hubaki na majani mabichi wakati wenzake wote wamepukutisha. Hii ni miti ya miombo, na miombo ina siri yake ya maji. Mwezi wa tisa, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, misitu hii hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, kwa kutumia maji yaliyowekwa ndani ya shina na yale ambayo mizizi mirefu inayafikia chini sana. Mtaalamu wa mimea François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, aliifanya misitu hii kuwa kazi ya maisha yake. Lakini mche wa miombo unataka subira. Miaka ya mwanzo hujenga mzizi kwanza. Shina la juu linaweza kufa kila kiangazi na kuchipua tena. Mingi yake pia haistawi bila kuvu maalumu wa udongoni. Mzee huyu hakuwahi kusoma habari za kuvu, ila kila shimo la mche hulitia ndoo moja ya udongo aliouchota chini ya mti mkubwa wa msituni. Aliniambia miche aliyoipanda bila udongo huo ilidumaa.

Ukingoni mwa njia niliona changarawe nzuri, nyeusi yenye madoa ya kijani. Nikadhani ni pambo. Akatikisa kichwa na kusema amekwisha kuomba iondolewe. Ni mawe ya mgodi. Yale madoa ni shaba. Mvua ikipita juu yake inashuka kwenye mizizi.

Hapa ndipo kubana maji katika Lualaba kunapotofautiana na kubana maji Dodoma au Cape Town. Kwingine, mtu akikuambia utumie maji ya kufulia, au ya paa, au ya kijito kilicho karibu, unamshukuru. Kolwezi lazima uulize kwanza. Mto Musonoi umepokea maji ya mitambo kwa miaka mingi. Vumbi lenyewe lina metali: mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya wakazi wa Kasulo vilivyoonyesha kobalti nyingi mwilini, hasa kwa watoto, na nyingi katika vumbi la majumbani. Paa la chuo hukusanya vumbi hilo miezi mitano mfululizo. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Oktoba, ambayo kila mwenye tangi angependa kuikinga, ndiyo ya kuimwaga. Bomba la paa liwe na kipande cha kupokea maji ya mwanzo, yatolewe pembeni, na tangi lianze kujazwa paa likiwa limeoshwa. Hata hapo maji hayo ni ya miti, wala si ya mboga za kupikia, mpaka yapimwe.

Hesabu ya paa inatia moyo. Paa la mita za mraba 1,000, katika mwaka wa milimita 1,000, hupokea lita milioni moja; ukipoteza hata robo, zinabaki 750,000. Miche ile 200, kwa wiki 24 za ukavu, inataka lita 96,000. Matangi kumi ya lita 10,000 yanatosha kuivusha bila kugusa bomba wala pampu. Ni gharama, sitaificha, lakini hujengwa mara moja. Na mti wa miombo ukishashika, baada ya miaka michache hauhitaji tena mtu.

Nilisema nitarudi kwenye nyasi za vilima. Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga, moshi wa tanuru la kuyeyushia shaba uliacha ardhi tupu ambapo hakuna kilichoota. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa kitivo cha kilimo cha Lubumbashi walijaribu kuirudishia nyasi, wakitumia chokaa na mboji kuifunga shaba udongoni, na nyasi za kienyeji zilizokwisha kuzoea shaba na ukavu kwenye vilima vile, pamoja na ileile Cynodon ya kutambaa. Wengine wangeagiza mbegu nje na kulaza mabomba. Hawa walipanda kinachojua mahali kilipo. Sioni kwa nini viwanja vya vyuo vya Kolwezi visianzie hapo: nyasi fupi za vilima kwenye miteremko yenye udongo mbaya, ile ya kutambaa mahali watu wanapokanyaga, na miombo kwa kivuli.

Kalifonia nao walilazimika kufika huko. Tarehe 1 Aprili 2015 gavana Jerry Brown alisimama kwenye malisho makavu ya milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo kwa kawaida kungekuwa na theluji ya kimo cha mtu, akaamuru matumizi ya maji ya mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Amri ile ilitaja vyuo kwa jina, pamoja na viwanja vya gofu na makaburi, kwa kuwa ndipo nyasi zilipo. Chuo kikuu cha Davis kilikuwa tayari na orodha ya mimea 100 iliyojaribiwa katika bustani yake, inayovumilia kiangazi cha huko kwa maji kidogo. Orodha hiyo haitufai kwa majina, maana ni mimea ya Kalifonia. Inatufaa kwa wazo. Sijaona bado chuo cha ukanda wa shaba chenye orodha yake ya mimea 100, na wataalamu wa kuiandika wapo hapahapa.

Kinachozuia, nilivyosikia nikizungumza na watu wa vyuo viwili hivyo, ni aibu ya rangi. Wageni watakuja, sherehe za kutunuku shahada zitafanyika, na kahawia inaonekana kama uzembe. Bustani za Katanga zilichorwa na watu waliokuwa na picha ya Ulaya ya mwezi wa tano kichwani, na picha hiyo ilirithiwa pamoja na majengo. Nadhani bustani ya hapa ichorwe kwa mwezi wa nane. Mchoraji asimame uwanjani wakati wa ukavu kabisa, aulize ni nini kinachosimama bila msaada, wapi watu wanatafuta kivuli, wapi wanafunzi wanapita, kisha apande hivyo. Januari itajipamba yenyewe, haihitaji mchoro.

Mzee yule alikubali sehemu moja tu ya nyasi ya kijani: mraba mdogo mbele ya ukumbi, wa hatua ishirini kwa ishirini, kwa ajili ya picha za sherehe, unaomwagiliwa alfajiri kwa mpira. Nikaona ni busara. Mraba huo una mita za mraba 400 hivi, kwa hiyo unakunywa lita 1,600 kwa siku, na unaweza kufungwa mwaka ambao mto uko chini.

Nilipoaga alikuwa anahesabu mashimo. Miche mipya sitini ilikuwa kitaluni, na mashimo yake yanatakiwa yawe yamechimbwa, yametiwa udongo wa msituni na kupewa bakuli kabla ya mvua ya Oktoba, ili tone la kwanza likute mahali pa kuingia. Alikuwa amemaliza arobaini na mbili. Vijana wa mwaka wa pili walikuwa wameahidi kuja Jumamosi na majembe.